Habari potofu za afya

Habari potofu za afya ni madai yasiyo ya kweli kuhusu magonjwa, kinga au tiba. Huenea kwa mdomo, redio na simu, na mara nyingi anayeyasambaza huyaamini, akikusudia kumsaidia mwenzake.

Kwa nini huaminiwa
Neno linalosikika mara nyingi, tena kutoka kwa jamaa, huonekana kweli. Hofu nayo husukuma: mfa maji haachi kutapatapa. Zaidi ya hayo, maradhi kama mafua hupona yenyewe. Aliyekunywa dawa ya mizizi siku ya tatu akapata nafuu siku ya tano huisifu dawa.

Nafasi ya elimu
Mwaka 2016 watafiti nchini Uganda walifanya jaribio katika shule za msingi 120, zenye wanafunzi zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha katuni na vipindi tisa vya masomo. Humo watoto walikutana na dai kwamba kinyesi cha ng'ombe huponya jeraha la moto, wakajifunza kuuliza: msemaji amejuaje? Waliotumia wamelinganishwa na wasiotumia? Katika mtihani, asilimia 69 ya waliofundishwa walifaulu. Katika shule nyingine, asilimia 27. Mwaka mmoja baadaye waliofundishwa bado waliwazidi wenzao.

Kukanusha uvumi ni lazima, lakini haitoshi. Stadi ya kupima madai inastahili kufundishwa mapema, tangu shule ya msingi.