UMBALI SI NGAO: ENTEBBE, JULAI 1976



Kutoka Tel Aviv hadi Entebbe, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 3,500. Mtu akitazama ramani aweza kudhani kuwa umbali huo ni ngome tosha. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ngome hiyo ilivunjwa kwa safari ya saa saba na kitu.

Mambo yalianza tarehe 27 Juni, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilipotekwa nyara baada ya kuondoka Athens. Ilijaza mafuta Benghazi, na kesho yake ikatua Entebbe. Idi Amin hakuwakamata watekaji. Aliwapokea, akawapanga askari wake kulizunguka jengo walimofungiwa mateka. Watekaji walidai wafungwa 53 waachiwe. Kisha, tarehe 1 Julai, wakaongeza muda hadi tarehe 4. Siku hizo tatu ziliwatosha Waisraeli kujiandaa.

Ndege nne za mizigo aina ya Hercules ziliondoka Sharm el-Sheikh, zikaruka chini chini juu ya Bahari ya Shamu zisionekane na rada. Huko ziendako hakukuwa kugeni. Kampuni ya Kiisraeli ndiyo iliyolijenga jengo lile, na hadi walipofukuzwa mwaka 1972 Waisraeli walikuwa wakiwafunza wanajeshi wa Uganda. Aliyejenga nyumba anaijua milango yake.

Saa sita ya usiku ndege ya kwanza ilitua, likashuka gari jeusi la Mercedes mfano wa gari la Amin. Katika safari yote ile, wa kwanza kuwaamuru wavamizi wasimame walikuwa walinzi wawili wa Uganda. Walitimiza wajibu wao, wakapigwa risasi. Nyuma yao hapakuwa na jeshi lililo tayari. Kwa muda wa dakika kama 90 mateka 102 walichukuliwa, ndege za kivita za MiG zikateketezwa, na makumi ya askari wa Uganda wakauawa. Mateka watatu na kamanda wa kikosi cha mashambulizi, Yonatan Netanyahu, walipoteza maisha pia. Ndege zikajaza mafuta Nairobi, zikarudi kwao. Hasira ya Amin ikawaangukia wasio na silaha: mateka mmoja, mama mzee aliyekuwa hospitali Kampala, na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda.

Kuingia nchi ya watu kwa silaha ni kuvunja mamlaka yake, na Tanzania, pamoja na Benin na Libya, ilitaka Baraza la Usalama lilaani tendo hilo. Lakini askari waliokufa usiku ule hawakuwekwa pale kulinda mpaka wa nchi yao. Waliwekwa kulinda uhalifu wa watu wengine, kwa amri ya mkuu wao.

Umbali haumlindi mtu. Nchi hulindwa na askari aliye macho, chini ya uongozi unaojua anachokilinda.