Mwalimu wa Muziki wa Majengo na Shahada Iliyo Mbali

Atakaye kujua jinsi muziki unavyofundishwa katika mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi, mjini Goma, na aingie kanisani Jumamosi alasiri, wakati machukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yangali yakiteremka na magunia ya viazi juu ya njia ya mawe meusi ya volkano, asimame nyuma ya mabenchi na kuitazama kazi ya mtu ambaye wanakorali humwita maestro. Mtu huyo aghalabu hana cheti chochote cha muziki. Siku za kazi hufundisha hesabu katika shule ya msingi, au huuza vocha za simu, au hungoja kazi. Lakini hapo mbele ya ubao huandika kwa chaki herufi za d, r, m na f, akazitenga kwa nukta na mistari, akawapa soprano sauti yao, kisha alto, kisha tenori, akaja akakaa na besi kwa muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa vijana wa besi hupenda mno kuufuata wimbo wa wasichana oktava moja chini na kuiita hiyo sauti yao. Ilmu aliyo nayo aliipata kwa maestro aliyemtangulia, na huyo kwa mwingine. Jinsi ilivyofika hapo, na kwa nini mwenye kutaka kuitafutia shahada ya uzamili hana budi kufunga safari ndefu, ni habari yenye mapito mengi.

Desturi ya kusafiri kwa ajili ya elimu ya muziki si ngeni kwa wasemao Kiswahili. Riwaya mashuhuri ya Unguja yasema kwamba Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Misri mtu aitwaye Muhammad Ibrahim ili ajifunze kupiga kanuni, naye aliporejea akawafundisha wenziwe, na kutokana na mafundisho hayo ikamea taarabu ya kasri, hata mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Katika kisa hicho yamo yote ayatafutayo mwanafunzi wa leo: mfadhili, safari ya ng'ambo, chombo kigumu chenye mwalimu wake, na wajibu wa kurudi kufundisha. Kilichokosekana ni karatasi tu, na Sultani hakuihitaji, maadam mtihani ulifanyika mbele ya masikio yake mwenyewe.

Huku Kivu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hapakuwa na Sultani wa kumtuma mtu Misri. Palikuwa na mapadri na wamisionari wa Kiprotestanti, na kwao muziki ulikuwa mtumishi wa ibada. Mwalimu wa dini aliyefundishwa kusoma na kuandika ndiye huyo huyo aliyefundishwa kuimbisha, kwani padri mmoja asingeweza kuwa katika kila kigango siku ya Jumapili. Na hapa pana jambo ambalo vijana wengi wa korali hawalijui, nao hustaajabu wakiambiwa: tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka juu ya muziki wa Kanisa, akakataza piano kupigwa kanisani, na pamoja nayo vyombo alivyovihesabu kuwa vya kelele, ngoma ikiwa miongoni mwavyo. Hukumu hiyo iliandikwa kwa ajili ya makanisa ya Italia yaliyokuwa yamejaa mambo ya opera, lakini ilipofika katika nchi ambazo ngoma ndiyo iliyotangaza msiba, ndoa na kutawazwa kwa mwami, iliangukia watu ambao mwandishi wake hakuwa akiwafikiria hata kidogo. Kwa muda wa miaka takriban sitini, mtu wa nchi hizi aliyesifiwa kuwa stadi wa muziki shuleni alikuwa ni yule aliyejua nyimbo za Kilatini na harimonia, na mpiga ngoma, hata awe na umahiri wa namna gani, alibaki nje ya mlango wa elimu.

Walakini Kongo haikukosa watu walioona kasoro hiyo. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 katika nchi ya Katanga, akalelewa katika shule za mapadri, alikuwa mwalimu na mpiga kinanda mjini Elisabethville, naye akatunga misa iliyochukua mahadhi ya nchi yake. Katanga ilipojitenga mwaka 1960 akafanywa Waziri wa Elimu, na wimbo wa dola ile iliyoishi miaka michache ukawa ni utungo wake; akafa mwaka 1961, kabla ya kutimiza miaka hamsini. Siasa zile ziliacha uchungu, na pengine ndiyo sababu jina lake halitajwi sana. Kwangu mimi ni kosa kumwacha mwalimu asahauliwe kwa ajili ya serikali aliyoitumikia mwishoni. Huko huko Katanga, katika mji wa Kamina, Mfransisko wa Kibelgiji Guido Haazen aliunda korali ya watoto na walimu wao, na mwaka 1958 ikaimba kwa mara ya kwanza Misa Luba, kisha ikasafiri hata Brussels. Sahani za santuri zikabeba jina la Haazen duniani kote, ilhali sehemu kubwa ya sauti zile ilizuliwa na waimbaji wenyewe wakiwa wanaimba.

Mwaka 1963 ndio uliogeuza mambo. Tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, na katika ibara ya 119 ukasema kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, na kwamba wamisionari wafundishwe muziki kwa bidii, ili waweze kuuendeleza muziki huo wa wenyeji shuleni na katika ibada. Shuleni: neno hilo liliingia kwa upole katikati ya sentensi ndefu, na mimi nalihesabu kuwa zito kuliko mengine yote ya ibara ile, kwa sababu lilitaka mwalimu aliyesoma, asiyetosheka na kipaji. Mwaka huo huo padri wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu cha utafiti wake wa daraja ya udaktari juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwafrika ameketi na sheria ile ile iliyoifungia ngoma nje, akaisoma kwa Kilatini chake, na kuitetea ngoma kwa hoja za wanasheria! Hapa Kongo matunda yalikawia. Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, ambayo ndani yake waumini huimba na kucheza mbele ya altare bila hofu, iliidhinishwa mwaka 1988.

Nje ya Kanisa, Kenya na Uganda zilitangulia. Washington Omondi, aliyekuwa katika tume iliyotunga wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, alikwenda London kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya thum, nanga ya Wajaluo, akaimaliza mwaka 1980. Na baadaye akaongoza tume iliyochunguza hali ya muziki nchini mwake. Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala, kilianza idara ya muziki, ngoma na maigizo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo mwalimu wa shule aliweza kupanda daraja baada ya daraja bila kuvuka bahari.

Basi maestro wa Majengo aelekee wapi? Foyer Culturel ya Goma hufundisha vijana vyombo na sauti, na kutoka katika jitihada zake lilizaliwa tamasha la Amani, lililofanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014. Ng'ambo ya mpaka, Nyundo, karibu na Gisenyi, shule ya sanaa iliyoanzishwa 1952 ilifungua mlango wa muziki mwaka huo huo wa 2014. Hayo ni mema, ila si uzamili. Njia ya serikali ni Kinshasa, kwenye Institut National des Arts, zaidi ya kilomita 1,500 kwa mwendo wa ndege, na barabara ya kutegemewa hakuna. Fauka ya hayo uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 mji ulipotwaliwa na waasi wa M23. Utaratibu nao umebadilika: mfumo wa zamani wa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence umeachia nafasi mfumo wa licence, master na doctorat, uliolazimishwa tangu mwaka wa masomo 2021–2022, hata mwenye karatasi za zamani huuliza kwanza zinahesabiwaje kabla ya kuuliza nauli.

Nikiulizwa mimi, ningemwelekeza Makerere, Kampala. Si kwa ukaribu peke yake, ijapokuwa mtu atokaye Goma hufika huko kwa basi, bali kwa kuwa mwanafunzi huko hukutana na ngoma na zeze kama masomo yenye walimu na mitihani, na mwenye kukusudia kufundisha watoto wa Kihunde, Kinande na Kishi nyimbo za nyumbani kwao atafaidika zaidi na hilo kuliko na mwaka mzima wa Bach, ambaye korali yake imekwisha kumwimba. Ugumu ni Kiingereza, kwani shule zetu ni za Kifaransa. Inambidi mtu atenge wakati wa kukisoma jioni hapa hapa mjini, na katika muda huo amwandae msaidizi wake, ambaye bado hawezi kuzishika besi.