Chakula cha Mimea na Maradhi ya Saratani

Kila taifa lina miiko yake ya vyakula, na kila kizazi hudai kwamba kimegundua siri ya kuishi bila maradhi. Madai ya namna hiyo ni rahisi kutolewa, lakini kuyathibitisha ni kazi ya miaka mingi. Insha hii inasimulia historia ya dai moja, ya kwamba watu ambao chakula chao kikubwa ni mimea hupatwa na saratani kwa uchache kuliko wale walao nyama kwa wingi. Historia hiyo yatuhusu sisi kwa karibu, maana sehemu yake kubwa ilianzia katika hospitali za Afrika Mashariki, na vyungu vya bibi zetu vilikuwa miongoni mwa mashahidi wake.

Kwanza yafaa tufahamu saratani ni nini. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Chembe hizo huzaliwa, hufanya kazi yake na kufa kwa utaratibu. Chembe zikiuasi utaratibu huo huongezeka bila kikomo, hufanya uvimbe, na mwisho husambaa mwilini. Sababu za uasi huo ni nyingi: moshi wa tumbaku, virusi, miale ya jua, urithi, umri mkubwa, na baadhi ya vitu tulavyo na tunywavyo. Saratani si ugonjwa mmoja, bali ni jamaa kubwa ya magonjwa, na kisababishacho hili si lazima kisababishe lile.

Mwaka 1929 tabibu kijana wa Kiingereza, Hugh Trowell, alifika Kenya kuitumikia serikali ya kikoloni. Baadaye alihamia Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Kwa karibu miaka 30 alitibu watu wa nchi hizi mbili, na jambo moja lilimshangaza daima. Magonjwa kadhaa yaliyojaza vyumba vya wagonjwa huku Uingereza yalikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika wa vijijini. Mwaka 1960 alichapisha kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika, akaeleza yale aliyoyaona na yale ambayo hakuyaona.

Pale Mulago alikuwapo pia daktari mpasuaji kutoka Ireland, jina lake Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946. Alikuwa na jicho moja tu, kwani jingine lilipotea katika ajali ya utotoni. Mwaka 1957 Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba mataya. Burkitt alipoanza kuchunguza aligundua kwamba watoto wengi walikuwa na uvimbe wa namna hiyo, na kwamba ulikuwa saratani. Akaandika barua kwa hospitali nyingi, akauliza ni wapi ugonjwa huo unaonekana na wapi hauonekani. Mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili walifunga safari kwa motokaa, wakapita nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika kwa mwendo wa kilometa zipatazo 16,000, wakiichora ramani ya ugonjwa. Ramani hiyo ilionyesha kwamba saratani ile ilikaa mahali penye joto na mvua nyingi. Mwaka 1964 wataalamu wa London waligundua virusi ndani ya uvimbe huo, na baadaye ikafahamika kwamba virusi hivyo hushirikiana na malaria katika kuuleta. Chakula hakikuwa sababu yake.

Naitaja saratani hii isiyotokana na chakula kwa kuwa ndiyo iliyomfundisha Burkitt njia ya kutafuta: kuuliza ugonjwa uko wapi, hauko wapi, na watu wa hapa wanatofautiana na wa kule kwa jambo gani. Aliporudi Uingereza katika miaka ya 1960 alikutana na Peter Cleave, tabibu wa jeshi la wanamaji, aliyeshikilia kwamba maradhi mengi ya Ulaya yaliletwa na unga uliokobolewa na sukari nyeupe. Burkitt akaikumbuka ramani yake. Akaandika tena kwa hospitali za Afrika, safari hii akiuliza habari za saratani ya utumbo mpana. Majibu yalimwonyesha kwamba ugonjwa huo, ulio wa kawaida sana Ulaya na Marekani, ulionekana kwa nadra katika vijiji vya Afrika. Wala tofauti hiyo haikutokana na damu, maana Wamarekani weusi, ambao mababu zao walitoka Afrika, walipatwa nao kama Wamarekani weupe.

Tofauti ilikuwa nini basi? Burkitt alijibu kwamba ni nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha. Nyuzinyuzi zimo katika maharagwe, mboga, matunda, na nafaka ambayo haikutolewa wishwa. Mwaka 1972 yeye na wenzake, Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio lisilo la fahari lakini lenye maana kubwa. Waliwapa watu vipande vidogo vya plastiki wavimeze, kisha wakapima muda uliopita mpaka vikatoka, pamoja na uzito wa choo. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita tumboni kwa muda wa saa 36 hivi, na choo cha siku kilikuwa kama gramu 470. Kwa wanamaji wa Uingereza, muda ulizidi saa 80, na choo kilikuwa kama gramu 100. Burkitt akatoa hoja kwamba mahali ambapo taka ni nyingi na hupita upesi, vitu vyenye madhara huzimuliwa, wala havipati nafasi ya kuudhuru utumbo.

Wazo hilo lilienea kwa haraka. Burkitt alihutubia katika nchi nyingi, na mwaka 1979 akatoa kitabu kwa ajili ya watu wa kawaida. Pumba za ngano, ambazo zamani zilikuwa chakula cha wanyama, zikapanda mezani na kuuzwa kwa bei nzuri.

Hata hivyo, wataalamu wengine walikuwa na mashaka, na mashaka yao yalikuwa ya haki. Mwanakijiji wa Uganda hakutofautiana na mwanamaji wa Uingereza kwa nyuzinyuzi peke yake. Alitembea kwa miguu, alilima kwa jembe, alikula nyama kwa nadra, na hakunenepa. Tena katika vijiji vile wachache walifikia uzee, nao ndio umri wa saratani ya utumbo. Na pengine mgonjwa alikufa nyumbani bila kuandikwa katika daftari lolote. Jogoo huwika na kukapambazuka, lakini hata asipowika kutakucha. Mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limemzaa mwenziwe.

Ilipasa basi kufanya majaribio. Mwaka 2000 matokeo ya majaribio mawili yalitangazwa huko Marekani. Katika moja, watu 2,079 waliowahi kutolewa vinyama vidogo vya utumboni, ambavyo huweza kugeuka saratani, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kula mboga, matunda na nyuzinyuzi kwa wingi na mafuta kidogo. Jingine liliendelea na desturi yake. Baada ya miaka minne hivi, vinyama vilikuwa vimeota tena kwa kiasi kile kile katika makundi yote mawili. Jaribio la pili, lililotumia pumba za ngano, nalo halikuonyesha faida. Wengi wakasema kwamba Burkitt, aliyekuwa amefariki mwaka 1993, alikosea.

Lakini hukumu hiyo nayo ilikuwa ya haraka. Saratani huchukua miaka mingi kukomaa, na miaka minne ni kama siku moja katika msimu wa kilimo. Mwaka 2003 wataalamu wa Ulaya walitoa matokeo ya watu zaidi ya 500,000 wa nchi 10, waliofuatwa kwa miaka kadhaa. Wale waliokula nyuzinyuzi kwa wingi kabisa walikuwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana iliyo pungufu kwa karibu robo, wakilinganishwa na waliozila kwa uchache kabisa. Mwaka 2015 ukachapishwa uchunguzi mwingine. Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa majuma mawili. Kwa muda huo mfupi utumbo wa Wamarekani ulionyesha dalili njema, na ule wa Waafrika dalili mbaya. Ikaonekana kwamba bakteria wa tumboni hula nyuzinyuzi na kutengeneza kitu kiitwacho butireti, ambacho huzilinda chembe za utumbo. Burkitt hakuijua njia hiyo, ila alikuwa ameuona mlango wake.

Mwaka huo huo wa 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba nyama za kiwandani, kama vile soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana. Lilikadiria kwamba kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Hapa msomaji awe mwangalifu. Maana yake si kwamba kati ya walaji 100, 18 wataugua. Maana yake ni kwamba kundi la watu ambalo lingekuwa na wagonjwa 50 litakuwa na 59.

Je, wale wasiogusa kabisa nyama, maziwa wala mayai? Watu wa namna hiyo waliunda chama chao Uingereza mwaka 1944, wakajiita kwa jina jipya, “vegan”. Uchunguzi wa Waingereza zaidi ya 60,000, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba hatari yao ya kupata saratani kwa jumla ilikuwa chini kwa karibu sehemu moja kwa tano kuliko ya wala nyama. Lakini idadi yao katika uchunguzi huo ilikuwa ndogo, na watu wa desturi hiyo aghalabu huwa wembamba na wenye kujitunza katika mambo mengine pia. Kinga hiyo, kama ipo, ni ya kiasi. Tena mimea haina vitamini B12, na mtu aishiye kwa mimea pekee hana budi kuitafuta kwa njia nyingine.

Tena mmea hauwi salama kwa kuwa ni mmea tu. Trowell yule yule aliyeona uchache wa magonjwa ya Ulaya aliwatibu pia watoto wengi wa kwashiorkor, wenye miguu na nyuso zilizovimba, waliolishwa ndizi au mihogo bila protini ya kutosha. Na mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumukuvu. Sumu hiyo hiyo, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini. Ghala kavu ni kinga dhidi ya saratani kama ilivyo sahani ya mboga.

Leo miji yetu inakua, na unga mweupe, soseji na vyakula vya kukaanga vimekuwa alama ya maendeleo kwa vijana wengi. Wapo waonao haya kula githeri mbele ya wageni. Historia hii haituamuru kuacha nyama, wala haituahidi kwamba mboga zitatukinga na kila saratani. Yatufundisha kwamba maharagwe, sukuma wiki, matunda na unga usiokobolewa vina faida iliyopimwa na kupingwa, kisha ikapimwa tena, na baada ya miaka hamsini ikaonekana kuwa ya kweli ingawa si ya miujiza. Mwanafunzi akisikia dai jipya juu ya chakula, na aulize kama wale walioulizwa na Burkitt na wapinzani wake: ni nani waliochunguzwa, kwa miaka mingapi, na ni jambo gani jingine lililowatofautisha?