Super Mario Bros. 2 (1988): Je, Ni Mario Feki?

Super Mario Bros. 2 ni gemu ya Nintendo ya kukimbia na kuruka, ya mchezaji mmoja, iliyotoka Marekani Oktoba 1988 kwenye mashine ya NES. Mpaka leo wapo wanaoidharau: eti si Mario halisi, ni gemu nyingine iliyobandikwa sura ya Mario. Wadau, hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili hii hapa.

ILIKUWAJE?

Wajapani walipata namba 2 yao Juni 1986, kwenye diski za Famicom. Ilifanana sana na ile ya kwanza ya 1985, ila ilikuwa ngumu balaa: uyoga wa sumu, upepo unaokusukuma ukiwa hewani, hata njia za mkato zinazokurudisha nyuma badala ya kukupeleka mbele. Howard Phillips, aliyekuwa akizijaribu gemu kule Nintendo ya Marekani, aliicheza akaona inakera tu, haina raha. Ikakataliwa.

Sasa Marekani wapewe nini? Ikachukuliwa gemu nyingine ya Nintendo, Yume Kōjō: Doki Doki Panic, ya Julai 1987, iliyotengenezwa kwa ajili ya tamasha la televisheni ya Fuji ya Japani. Mle hamna Mario. Wahusika ni Imajin, Mama, Lina na Papa. Wakatolewa, wakaingizwa Mario, Luigi, Binti Mfalme na Toad. Kitufe cha kukimbia kikaongezwa, picha kadhaa zikabadilishwa, kazi kwisha.

Wengi huishia hapo na kusema "feki". Lakini mwaka 2011 Kensuke Tanabe, aliyeiongoza kazi hiyo, alieleza kwamba mwanzo wa yote ulikuwa jaribio la Nintendo la gemu ya wachezaji wawili wanaopanda juu, wakipanga matofali na kubebana na kurushana. Mashine ya wakati ule haikuliweza vizuri wazo hilo, na Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, akashauri waisogeze karibu na mtindo wa Mario. Kwa hiyo damu ya Mario ilikuwemo tangu mwanzo.

INACHEZWAJE?

Kumkanyaga adui hakumuui. Unasimama juu yake, unambeba, unamrushia mwenzake. Au unang'oa mboga ardhini na kuzitupa. Kuna dunia 7 zenye hatua 20, na kila unapoanza hatua unachagua mtu wako:

- Mario: wa kati kwa kila kitu.
- Luigi: anaruka juu kuliko wote.
- Binti Mfalme: anaelea hewani kwa muda mfupi.
- Toad: anang'oa vitu haraka, ila kuruka kwake ni kudogo.

Unaanza na roho 2. Ukirusha chupa ya dawa chini, mlango unatokea. Ingia upesi utafute uyoga wa kukuongezea roho, mwisho 4. Bosi wa mwisho ni Wart, chura mkubwa asiyependa mboga. Mvizie akifungua mdomo, mlishe!

ILIACHA NINI?

Hapa ndipo neno "feki" linapokufa. Shy Guy mwenye kinyago, Birdo anayetema mayai, na Bob-omb, bomu lenye miguu, wote walifika kwa Mario kupitia gemu hii, na wamebaki. Luigi alikuwa Mario wa rangi nyingine tu. Humu ndimo alimorefuka kuliko kaka yake. Binti Mfalme, aliyekuwa wa kuokolewa tu, humu anapigana mwenyewe.

Na Wajapani wenyewe? Mwaka 1992 waliiuza kwao kwa jina la Super Mario USA. Ile ngumu iliyokataliwa ilifika Marekani mwaka 1993, ndani ya Super Mario All-Stars, kwa jina la The Lost Levels.

Gemu ya kuazima iliyoachia ukoo mzima wahusika wake, feki iko wapi hapo?