Kura Tatu za Mwaka 1958 na Suala la Msimamizi wa Sheria katika Usambara

Mwanasheria Mkuu wa Serikali hajawahi kuchaguliwa kwa kura za wananchi nchini Tanzania. Hata hivyo, swali la nani amweke msimamizi wa sheria, na nani amwajibishe, lina mizizi mirefu katika milima ya Usambara. Insha hii inadai kwamba uchaguzi wa mwaka 1958 uliwapa baadhi ya Washambaa sauti katika kutunga sheria, lakini si juu ya wanaoisimamia.

Chini ya Wakilindi wa Vugha, mtawala alipimwa kwa hali ya nchi. Washambaa walitofautisha kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Njaa ilikuwa hoja dhidi ya mtawala. Waingereza walipomrudisha Kinyashi madarakani mwaka 1926, zumbe aliwajibika zaidi kwa Bwana Shauri kuliko kwa raia. Athari yake ilidhihirika katika mpango wa kuhifadhi udongo wa Mlalo, ulioanza mwaka 1946. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta, na mkaidi alishtakiwa katika baraza la machifu walewale waliosimamia amri hiyo. Upinzani, ambao wanawake walishiriki kwa nguvu, uliumaliza mpango huo mwaka 1957.

Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, Jimbo la Tanga, lililojumuisha Lushoto, lilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mpiga kura alitakiwa kuwa na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa maalumu. Kisha amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU ilikuwa imekubali masharti hayo Tabora mnamo Januari. Hivyo mkulima maskini aliyetozwa faini kwa sababu ya matuta aliachwa nje, ilhali Mwanasheria Mkuu aliketi Barazani kwa wadhifa wake, bila kuomba kura.

Baada ya uhuru, mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, naye Mark Bomani akawa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa Mwanasheria Mkuu. Katiba ya mwaka 1977 imeuacha uteuzi huo mikononi mwa Rais. Aliyeteua alibadilika, njia ya kuteua ilibaki. Kwa hiyo, utafiti wa demokrasia Usambara usiishie kwenye masanduku ya kura, bali ufuatilie pia mahali ambapo raia aliyeonewa aliweza kumshtaki mwenye kusimamia sheria.