Hariri: Dakika za kuchemsha zinavyoamua kama itadumu au itaharibika

Daktari anaweza kushona kidonda kwa uzi wa hariri, na uzi huo ukakaa mwilini miezi mingi. Lakini hariri hiyohiyo ikitengenezwa kwa njia nyingine, inayeyuka kwenye maji ndani ya dakika chache. Protini ni ileile. Tofauti iko kwenye maandalizi.

Hariri ni nini hasa?

Hariri nyingi duniani inatoka kwa kiwavi wa nondo aitwaye Bombyx mori, ambaye chakula chake ni majani ya mforosadi. Anapokomaa, kiwavi huyu hujizungushia uzi na kutengeneza kifukofuko. Uzi wa kifukofuko kimoja tu una urefu wa mamia ya mita, na wakati mwingine hupita kilomita moja.

Uzi huo una protini kuu mbili. Faibroini iko ndani, na ndiyo yenye nguvu. Serisini iko nje, ni kama gundi inayoshikanisha nyuzi. Gundi hiyo ni takriban robo ya uzito wote.

Kuchemsha si mchezo

Kwa matumizi ya hospitali, gundi lazima itoke. Hariri iliyobaki na serisini imehusishwa na mwili kuvimba na kuikataa. Maabara nyingi huchemsha vifukofuko kwenye maji yenye sodiamu kaboneti, kemikali inayopatikana pia kwenye magadi. Muda uliozoeleka ni dakika 30.

Ukiwahi kuitoa, gundi inabaki. Ukichelewa, minyororo mirefu ya faibroini inakatikakatika na hariri inapoteza nguvu. Ndiyo maana hariri iliyochemshwa dakika 5 na ile ya dakika 60 hazifanani kabisa, hata kama zimetoka shamba moja.

Kutoka uzi hadi skrubu

Baada ya hapo, faibroini inaweza kuyeyushwa kwa chumvi kali iitwayo lithiamu bromaidi, kisha chumvi hiyo ikaondolewa kwa maji. Kinachobaki ni hariri ya majimaji. Ukiianika, unapata karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Ukiigandisha na kuikausha, unapata sponji.

Mwaka 2014, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walionyesha skrubu za kufunga mifupa zilizotengenezwa kwa hariri, wakazijaribu kwa panya. Faida yake ni kwamba mwili unaweza kuimeng'enya hariri polepole, tofauti na skrubu ya chuma ambayo huenda ikahitaji upasuaji mwingine kuitoa.

Kwa nini nyingine inayeyuka?

Karatasi ya hariri iliyoanikwa tu huwa bado inayeyuka kwenye maji. Ikipitishwa kwenye alkoholi aina ya methanoli au kwenye mvuke wa maji, minyororo ya protini inajipanga na kubanana kuwa fuwele ndogondogo. Maji hayaziachanishi kirahisi.

Fuwele zikiwa nyingi, hariri inadumu zaidi mwilini, lakini ikikauka inakuwa ngumu na rahisi kuvunjika. Kwa hiyo mtengenezaji lazima achague: kidonge kinachoachia dawa haraka, au kifaa cha kushikilia mfupa kwa miezi.

Hata kiwavi ana kasi yake

Mwaka 2002, Zhengzhong Shao na Fritz Vollrath walichapisha utafiti kuhusu hariri iliyovutwa moja kwa moja kutoka kwa kiwavi. Ikivutwa haraka, uzi unakuwa imara zaidi lakini haunyumbuki sana. Ikivutwa taratibu, unanyumbuka zaidi.

Na nguo yako je?

Kanuni ni ileile. Joto kali na sabuni kali hudhoofisha faibroini, na jiki huila kabisa. Skafu ya hariri ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha ianike kivulini.