Hati ya Mfalme na Mkono wa Sherifu: Utawala wa Kaunti katika Uingereza ya Zama za Kati

Katika hifadhi ya nyaraka ya jiji la London kipo kipande chembamba cha ngozi, urefu wake kama kalamu na upana wake kama vidole viwili, kilichoandikwa mistari michache kwa Kiingereza cha kale. Ni hati ya William wa Normandia, ya mwaka 1067 hivi, baada ya kuiteka Uingereza kwa vita vya Hastings. Ndani yake mfalme anamsalimu askofu wa London, anamsalimu Gosfrith mkuu wa mji, kisha anawasalimu wenyeji wote, Wafaransa kwa Waingereza. Anawaahidi kuwa watabaki na sheria walizokuwa nazo zama za Mfalme Edward, kwamba mtoto atamrithi babaye, na kwamba hatamwacha mtu yeyote awadhulumu. Hapo hati inakwisha.

Ndugu msomaji, angalia mambo mawili katika kipande hicho. La kwanza ni kuwa mshindi ameazima chombo cha mshindwa. Barua fupi ya namna hiyo, yenye muhuri wa nta unaoning'inia, ilikwisha kutumika chini ya Edward, aliyetawala kuanzia 1042 hadi 1066. William aliikuta ikifanya kazi, akaiendeleza, na baada ya miaka michache tu waandishi wake wakaigeuza kutoka Kiingereza kwenda Kilatini. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni wale wanaosalimiwa. Hati haimsemeshi mtumishi mmoja faraghani. Inausemesha umma uliokusanyika, kwa kuwa hati za aina hii zilikusudiwa kusomwa kwa sauti mbele ya mkutano: katika mji kama London mbele ya wenyeji, na mashambani mbele ya baraza la kaunti.

Waandishi wengi wa historia huisifu Uingereza ya zama za kati kwa serikali kuu yenye nguvu kuliko jirani zake, na huitaja hati ya mfalme kuwa ndiyo siri ya nguvu hiyo. Sikatai nguvu yenyewe. Ninachokataa ni kuipa ngozi na nta sifa isiyo yake. Hati ilisafiri siku kadhaa kwa farasi, ikaingia mikononi mwa mtu mmoja, na yaliyofuata yalimtegemea mtu huyo na wale waliokuwa na uwezo wa kumuuliza ameifanyia nini.

Mtu huyo alikuwa sherifu. (Msomaji wa pwani asimchanganye na sharifu, hapa hakuna nasaba ya Mtume, na mara nyingi hapakuwa na utukufu wowote.) Jina lenyewe ni la Kiingereza cha kale, likimaanisha msimamizi wa kaunti. Kila kaunti iligawanyika katika tarafa zilizoitwa "mia", na kila mia ilikuwa na baraza lake. Sherifu aliyaongoza mabaraza hayo, alikamata wahalifu, alilinda jela na ngome, na juu ya yote alikusanya mapato ya mfalme. Hapo kwenye mapato ndipo palipokuwa na mtego. Kaunti ilikadiriwa kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, sherifu akawajibika kukilipa Hazina, na kilichozidi kilibaki mfukoni mwake. Kwa lugha yetu ya leo tungesema alikodishwa kaunti. Mtu aliyekodi shamba hulikamua, na hakuna hati iliyoweza kumfanya asahau kwamba kila senti aliyoongeza kwa mwanakijiji ilikuwa yake.

Mfalme alilijua hilo. Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na tena mwishoni mwa Septemba, sherifu aliitwa mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa chenye miraba, ambapo maofisa wa Hazina walipanga vihesabio safu kwa safu ili hata asiyejua kusoma aone deni lake kwa macho. Malipo yalithibitishwa kwa kijiti kilichochanjwa alama kisha kikapasuliwa nusu kwa nusu, upande mmoja kwa mlipaji na wa pili kwa Hazina. Kumbukumbu za mahesabu hayo tunazo: kongwe iliyosalia ni ya mwaka 1130, na kuanzia 1156 zinafuatana karibu bila kukatika kwa karne nyingi. Lakini soma kitu gani kinaulizwa pale mezani. Inaulizwa fedha iliyoingia. Fedha iliyotoka kwa nani, na kwa njia gani, haimo.

Swali hilo la pili aliliuliza Henry II mwaka 1170. Alikuwa amekaa ng'ambo, katika milki zake za Ufaransa, kwa miaka minne. Aliporudi alikuta manung'uniko, akatuma wajumbe kwenye kaunti kuwahoji watu kwa kiapo: masherifu na watumishi wao wamechukua nini tangu mfalme avuke bahari, kutoka kila mia, kila kijiji na kila mtu, kwa haki au bila haki? Wakuu wa ardhi na mawakili wao nao waliulizwa. Na limo katika maelekezo yale swali moja ambalo kila ninapolifikia darasani hunilazimu kutua. Wajumbe waliagizwa wachunguze kama sherifu yeyote, baada ya kusikia kuwa mfalme anakuja, alirudisha alichochukua au alipatana na watu ili wasilalamike. Aliyeandika swali hilo alizijua serikali za wilaya kwa undani. Walio wengi kati ya masherifu waliondolewa mwaka ule, na nafasi nyingi zikashikwa na watu wa karibu na mfalme mwenyewe. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na wanaodhani kwamba uchunguzi ule ulifanywa kwa ajili ya mwanakijiji peke yake.

Katika zama hizo hizo za Henry hati ilipata kazi mpya. Hapo kabla ilikuwa zaidi amri au fadhila ya mfalme kwa anayemtaka. Sasa zikatungwa hati zenye maneno yasiyobadilika, ambazo mtu huru yeyote aliweza kuzinunua katika ofisi ya waandishi wa mfalme. Mashuhuri kuliko zote ilimhusu mtu aliyenyang'anywa ardhi yake karibuni bila hukumu. Sherifu aliamriwa akusanye watu 12 huru na waaminifu wa mahali pale, waikague ardhi, kisha wafike mbele ya majaji wa mfalme kusema kama kweli fulani alimpora fulani. Mjane aliyefukuzwa na bwana mkubwa hakulazimika tena kuanzia kwenye baraza la bwana huyo huyo. Hata hivyo neno "huru" lilikuwa na makali yake. Watwana waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana, ambao walikuwa sehemu kubwa mno ya wakulima, hawakuweza kuinunua hati hiyo dhidi ya bwana wao.

Kutokana na mti huu vimechipuka vijiti hadi kwetu. Mahakama Kuu ya Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1920, sheria iliyoiunda ilipokea kanuni za jumla za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka ule, na pamoja nazo zikaja amri ambazo mawakili wetu huziita hadi leo kwa Kilatini, mandamus na certiorari, za kumlazimisha ofisa wa umma atimize wajibu wake au kuufuta uamuzi wake. Asili yake ni hati za mfalme.

Wingi wa hati uliongezeka kwa kasi ya ajabu. Mwanahistoria Clanchy alipima kasi hiyo kwa kipimo ambacho sikutarajia kukikuta katika kitabu cha historia: uzito wa lakiri iliyotumika kupigia muhuri. Mwishoni mwa miaka ya 1220 ofisi ya waandishi ilitumia ratili tatu na nusu hivi kwa wiki. Miaka 40 baadaye ilikuwa karibu ratili 32. Maana yake ni kwamba amri zilikuwa zikimiminika kwenye kaunti. Je, zilitekelezwa?

Kila sherifu alitakiwa kuirudisha hati akiwa ameandika juu yake alichofanya, na majibu hayo ndiyo yanayotufundisha. Mtu aliyetafutwa "hakuonekana". Mdaiwa "hana kitu". Hati "imefika kwa kuchelewa". Bila shaka baadhi ya majibu hayo yalikuwa kweli; barabara zilikuwa mbaya na watu walikimbia. Lakini yaliandikwa kwa maneno yale yale mwaka hadi mwaka, na mtu mwenye fedha alijua kwamba jibu la sherifu lina bei. Hapa mfalme, pamoja na lakiri yake yote, alikuwa mikononi mwa mtumishi wake.

Mwaka 1215, katika Magna Carta, makabaila waliomwasi Mfalme John waliweka vifungu kadhaa vinavyowalenga maofisa wa kaunti: wasichukue nafaka ya mtu bila malipo, wasitwae farasi na mikokoteni ya mtu huru bila ridhaa yake, wasiteuliwe ila wanaoijua sheria ya nchi na wanaokusudia kuifuata. Kifungu cha 48 kiliagiza waungwana 12 wachaguliwe katika kila kaunti kuchunguza desturi mbovu, zikiwemo za masherifu. Na ni nani aliyepelekewa agizo la kutangaza hayo? Barua za mfalme za tarehe 19 Juni zilikwenda kwa masherifu wale wale pamoja na maofisa wengine, zikiwataka wasimamie uchaguzi wa watakaowachunguza. Kabla ya Agosti kwisha Papa Innocent III alikuwa ameibatilisha hati nzima.

Mapambano yalirudi 1258, safari hii chini ya Henry III. Makabaila walitaka sherifu awe mtu wa kaunti ile ile, akae mwaka mmoja tu, na alipwe, asikodishwe. Wakataka pia waungwana wanne katika kila kaunti wasikilize malalamiko. Oktoba ya mwaka huo tangazo la mfalme la kuyaunga mkono mageuzi yale lilipelekwa kwenye kaunti kwa Kilatini, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kiingereza kilikuwa kimekaa pembeni ya nyaraka za serikali kwa muda wa karne mbili hivi. Kilipohitajika mwananchi wa kawaida amjue adui yake ni nani, lugha yake ilikumbukwa. Mageuzi yenyewe hayakudumu.

Edward I alirejea kutoka vita vya msalaba Agosti 1274, na miezi miwili baadaye wajumbe wake walikuwa njiani. Watu walioapishwa katika kila mia waliulizwa orodha ndefu ya maswali, na majibu yao, ambayo mengi yamehifadhiwa, ni usomaji unaotia huzuni: mifugo iliyokamatwa bila sababu, watu waliofungwa hadi walipie uhuru wao, rushwa za kuachiwa. Waliotoa ushahidi huo walibaki kuishi chini ya maofisa waliowataja. Mwaka 1275 ikatungwa sheria Westminster, ikimkataza sherifu kupokea malipo kwa raia kwa kazi yake, na akipokea, arudishe mara mbili. Lakini adhabu kwa waliotajwa zilikuwa chache na za pole pole. Mwandishi wa kumbukumbu za watawa wa Dunstable aliuandika uchunguzi ule, kisha akaongeza kuwa haukuleta faida yoyote.

Mimi sikubaliani naye kikamilifu, na sababu yangu ni sheria nyingine ya Edward, ya 1285. Sura yake ya 38 inawataja masherifu wanaoita umati wa watu kuapishwa, wagonjwa na vikongwe pia, ili wawatoze fedha za kuwaachia warudi nyumbani, huku matajiri wakibaki kwao kwa rushwa. Sura ya 39 inahusu hati zinazotupwa au kujibiwa kwa uongo, nayo imeandikwa na watu waliokwisha kusoma malalamiko mengi. Inasema kwamba anayeogopa hila za sherifu asiikabidhi hati yake faraghani. Aipeleke katika baraza la kaunti, mbele ya watu, na adai stakabadhi yenye muhuri inayotaja majina ya wahusika na siku hati ilipopokewa. Sherifu akikataa kutoa stakabadhi hiyo, waliohudhuria waweke mihuri yao kuwa mashahidi.